Sauti Iliyoandikwa Juu ya Sauti

Vijana wangu wa chumba cha mashine, siku mliponiaga mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Nadhani mlitaka hekima. Sina nyingi. Nina kisa kimoja cha programu iliyokuwa ikiandika faili vibaya, na kwa kuwa bado kinanifurahisha kukifikiria, nitawapa hicho. Vyeo na mishahara naviacha. Havina utamu wowote, na isitoshe mnavijua, maana kuta za ofisi zetu ni nyembamba.

Nilianza kazi miaka ya vita, nikitoka kusoma hesabu chuo kikuu. Redio yetu ilikuwa ndani ya nyumba ya kupanga huko mtaa wa Kinindo, nyumba ya mtu aliyekimbilia Ulaya na kutuachia bustani na mbwa mmoja mzee. Studio ilikuwa chumba cha kulala kilichopigiliwa magodoro ukutani ili sauti isirudi. Chumba cha mashine kilikuwa jiko. Sinki lilibaki palepale, na tulilipenda, kwa sababu siku za joto ulikuwa unaweza kunawa uso huku programu ikijengwa.

Siku ya kwanza nilikuja na vyeti vyangu kwenye bahasha. Mzee Salvator, aliyekuwa mkuu wa mashine na ndiye aliyeandika programu zetu zote kwa lugha ya C, hakuifungua. Alinivutia kiti karibu na kompyuta iliyokuwa imevuliwa kifuniko.

"Sikiliza diski," aliniambia.

Nikasikiliza. Ilikuwa inakoroma, inanyamaza, inakwaruza.

"Umesikia nini?"

"Kelele, Muzee."

"Bon. Kesho utasikia zaidi."

Nilidhani ananichezea. Lakini baada ya wiki chache nilianza kutambua diski inaposoma na inapoandika, na ile sauti fupi kavu ya diski iliyotupiwa kazi nyingi kwa mpigo. Mzee Salvator alikuwa na sharti moja la kutafuta makosa, nami nimeishi nalo mpaka leo: "Usiulize mashine iko na nini. Uliza inangoja nini." Vifaa vyake vilikuwa bisibisi, ubao wa chaki ulioegemezwa kwenye friji mbovu, na kitabu cha C kisicho na jalada ambacho kilinuka samaki. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Kipindi chetu kilichosikilizwa kuliko vyote kilikuwa cha ujumbe. Watu walikuwa wametawanyika. Mama yuko mtaani Musaga, mwanawe yuko kambini ng'ambo ya ziwa, mume hajulikani. Asubuhi walipanga mstari bustanini, wakaingia mmoja mmoja, wakasema maneno yao kwenye mikro, kipaza sauti chetu, na jioni tukayarusha. Hakuna aliyewafundisha jinsi ya kusema, lakini wote walisema kwa mpangilio mmoja. Kwanza jina, jina la baba na mlima wa kwao, yaani kijiji, kwa sababu bila hayo nani atajua ni Ndayizeye yupi? Katikati habari za nyumbani, nani mzima na nani hayupo tena. Mwisho kabisa, mahali walipo sasa. Watu walifunga safari kwa kufuata sekunde zile za mwisho.

Programu ya kurekodi ilikuwa fahari ya Mzee Salvator. Kompyuta ya studio ilikuwa na diski ndogo, kwa hiyo sauti zilipita kwenye waya mrefu hadi diski ya mashine ya jikoni. Waya ule ulikuwa mvivu. Kama programu ingesimama kungoja kila kipande cha sauti kifike, maneno ya watu yangekatika. Ndiyo maana aliandika bila kungoja. Sauti inajaza sehemu moja ya kumbukumbu, sisi tuliita tampon; ikijaa, programu inaita aio_write, maana yake "andika hii, nami naendelea na mengine," kisha inajaza tampon ya pili. Zikabadilishana zamu hivyo. Kila tampon ilimeza sekunde kadhaa za maneno, kwa sababu Mzee aliuogopa waya. Leo mnafanya hayo bila hata kuyafikiria, lakini wakati ule nilipomwona akiyachora ubaoni nilisisimka kama mtoto aliyeonyeshwa ndani ya saa.

Waliokaa kwenye kiti cha kurekodi walikuwa wawili, kwa zamu. Maman Goreti alikuwa mwalimu zamani, mama mnene mwenye subira. Kabla ya kumwekea mtu mikro alisimama, akampa mkono wa kuume huku wa kushoto ukishika kiwiko, akauliza habari za nyumba, za watoto, za njia. Baadaye ndipo alikaa, akatafuta miwani yake, akabonyeza. Mwenzake alikuwa Aimable, kijana wa Musaga aliyeishi na mama yake. Aimable hakusimama. Alisalimia kwa mdomo, mkono uko kwenye panya wa kompyuta, na mtu akimaliza tu alibonyeza, akamwita mwingine ambaye tayari alikuwa amesimamishwa nyuma ya kiti. Watu walimwona hana adabu. Mimi niliwahi kumwambia hivyo.

"We Skola, angalia ile mustari," alinijibu. "Wengi ni wa kule Musaga kama mi. Barie inafungwa mapema. Nikishika mikono ya kila mutu, wa mwisho atalala njiani."

Barie ni kizuizi cha askari barabarani; kikifungwa, hakuna anayepita mpaka asubuhi.

Kisha alikuja Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi, kanzu imepigwa pasi hata siku ile. Alikuwa ametuma ujumbe kwa binti yake Kigoma. Kule watu walizoea kurekodi kipindi chetu kwenye kaseti, na mpwa wake alikuwa ameileta na boti. Aliiweka mezani kwa upole.

"Mi niliwaambia niko kwa dada yangu, Buyenzi, nyuma ya musikiti," alisema. "Wallahi, mule ndani nimekuwa mwanamuke."

Tukaisikiliza. Mzee anasema jina, baba, habari zote sawasawa. Anaanza: "Sasa mi niko—" na hapohapo anaingia mwanamke, anakohoa, anataja jina lake, la baba yake, na mlima wa kule Bururi. Halafu, katikati ya neno, Mzee Ramadhani anarudi: "—kiti, mulango wa buluu. Wasalamu aleikum." Tulitazamana. Mkurugenzi wetu, mwanamke mkali wa suti ambaye hata baba yake, nadhani, alimwita Madame, aliuliza siku ile kiti kilikuwa na nani. Kilikuwa na Aimable.

Malalamiko mengine yakaja. Yote ya zamu za Aimable, hakuna hata moja la zamu ya Maman Goreti. Nje wakaanza kusema kuna mtu pale redioni anachanganya watu makusudi, anawapeleka kwenye milima isiyo yao. Na katika miaka ile maneno kama hayo hayakuchelewa kufuatwa na swali kwamba huyo kijana ni wa upande gani. Walirusha mawe juu ya bati la mama yake. Muuza mkaa akakataa kumuuzia. Madame alimpa Aimable likizo, kwa usalama wake, alisema, na pengine ni kweli. Siku iliyofuata Aimable alishuka bandarini akapanda boti ya mizigo kwenda kwa mjomba wake Kigoma. Mama yake alibaki, kwa sababu nyumba haiwezi kupanda boti. Niliumia sana. Nilijua kijana yule hana ubaya, lakini kujua kwangu hakukuwa ushahidi, na bila ushahidi asingeweza kurudi nyumbani kwake.

Nikaomba kaseti. Niliisikiliza mpaka Maman Goreti akasema nitaichakaza. Kitu kilikuwa kinanikera, na sikujua ni nini mpaka niliposahau maneno nikafuata muda. Mtu akichomeka maneno katikati ya maneno ya mwingine, ujumbe unakuwa mrefu. Huu haukuwa mrefu. Mzee Ramadhani aliporudi, alirudi mahali ambapo angekuwa amefika kama hakuna aliyemwingilia, kana kwamba aliendelea kuzungumza chini ya shuka. Hakuna kilichoongezwa. Mwanamke yule alikuwa ameandikwa juu yake.

Jambo la pili lilinifanya niruke kwenye kiti. Nilifungua ujumbe wa mwanamke mwenyewe, uliorekodiwa mara baada ya ule wa Mzee Ramadhani. Ulianza na kikohozi. Kikohozi kilekile, pumzi ileile, jina lilelile. Sauti moja ilikuwa kwenye faili mbili, na programu yetu haikuwa na mkasi wala gundi ya kumwezesha Aimable kufanya hivyo hata angetaka.

Nikampelekea Mzee Salvator. Alisikiliza, akanuna.

"Programu yangu nimeijaribu. Njoo uone."

Tukajaribu. Nikakaa nikahesabu moja mpaka ishirini, nikanyanyuka, akakaa yeye, akavuta kiti, akasafisha koo, akahesabu. Safi. Tukarudia tukiwa tumebadilishana. Safi kabisa. "Umeona?" alisema, na alikuwa na furaha ya kuudhi. Nikaweka mistari ya printf ndani ya programu inionyeshe kila hatua, nikaijaribu na watu wa kweli kwenye zamu ya Maman Goreti. Safi pia. Kila nilipoichungulia ilikaa na tabia njema, kama mtoto mbele ya wageni.

Nikaliacha suala la mashine nikaenda kukaa kwenye kona ya studio kumtazama Maman Goreti. Hilo ndilo ninalotaka mlikumbuke kuliko yote haya, maana hakuna kitabu kilichoniambia. Mtu anamaliza. Maman Goreti anabonyeza. Anasimama, anashika mkono wa anayetoka, anamwombea njia njema. Anashika mkono wa anayeingia. Habari za nyumba. Watoto. Miwani iko wapi? Iko kichwani. Na wakati wote huo, nikiwa nimetega sikio kuelekea jikoni kama nilivyofundishwa siku ya kwanza, niliisikia diski inakwaruza, inakwaruza, halafu inanyamaza. Ndipo Maman Goreti akabonyeza tena.

Nilikimbia jikoni nikiwa nimesahau viatu.

"Muzee, mutu akimaliza, ile tampon ya mwisho nani anaingoja?"

"Inaandikwa tu."

"Najua inaandikwa. Nani anaingoja?"

Akachukua chaki. Akaenda kwenye ubao. Katikati ya ujumbe aliulizia kila mara kwa aio_error kama tampon imeshaandikwa kabla ya kuijaza upya. Hapo alikuwa makini kabisa. Lakini mtu alipomaliza, programu ilituma kipande cha mwisho ikajiona imemaliza kazi, na ujumbe mpya ulianza kujaza tampon zilezile bila kuuliza chochote. Ukiupa waya muda, hakuna neno. Ukibonyeza upesi, maneno ya mtu wa pili yanamwagika juu ya maneno ya wa kwanza ambayo bado yako foleni kwenda kwenye diski. Yanafunika mwanzo wa kipande, kisha waya unawahi kuchukua kilichobaki. Ndiyo maana Mzee Ramadhani alirudi kumalizia mlango wake wa buluu. Na zile printf zangu? Siku ile ya majaribio kiti kilikuwa na Maman Goreti, kwa hiyo hazikuwa na la kunionyesha.

Dhana nzuri bado ni dhana. Kesho yake Madame akaniruhusu nikae kwenye kiti, nami nikafanya kama Aimable. Nilizitoa printf, kwa kuogopa zisiicheleweshe programu na kulificha kosa, nikaandika matokeo kwenye safu ndani ya kumbukumbu ili niyasome baadaye. Nikasimamisha mtu nyuma ya mtu, mkono kwenye panya. Watu walikasirika. Bibi mmoja aliniuliza kama nimezaliwa au nimeokotwa. Nilimaliza zamu, nikamwomba kila mmoja radhi, nikawaambia watarekodi tena, kisha tukafungua faili. Zilikuwa zimeingiliana vilevile. Na kwenye safu yangu, kila zilipoingiliana, jibu la aio_error wakati wa kuanza ujumbe mpya lilikuwa EINPROGRESS. Bado inaendelea. Mashine ilikuwa tayari kusema ukweli muda wote, ila hapo hakuna aliyeiuliza.

Mzee Salvator alisoma safu ile mstari kwa mstari. Nilifikiri atanuna tena. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika sinki.

"Yewe! Programu yangu ilikuwa inasimamishwa na mikono ya Goreti," alisema. "Salamu zake ndizo zilikuwa zinangoja diski. Mi, ingénieur, nikasahau kungoja."

Dawa ilikuwa fupi. Kila ujumbe ukapewa tampon zake na maelezo yake ya ombi la kuandika, vikakaa pamoja mpaka kazi iishe. Hakuna kumbukumbu inayotumika tena kabla ya aio_error kusema imekwisha na aio_return kusema baiti zote zimefika. Na hiyo ya pili unaiita mara moja tu, usiizoee. Faili haifungwi kabla ya hapo. Kama hakuna tampon iliyo huru, kitufe kinakataa kubonyezeka, na kinageuka chekundu. Vijana, ukimkabidhi mtu kitu akupelekee, kitu hicho si chako tena mpaka arudi. Makosa mengi mtakayoyaona ya kusoma na kuandika bila kungoja yanatoka hapo, hata yakivaa nguo nyingine.

Sasa ikabaki Aimable. Madame alitaka tumwandikie barua arudi, na kipindi kiendelee kimyakimya.

"Tukisema redioni kwamba mashine yetu inachanganya watu, nani atatuamini tena?" aliuliza.

"Madame, wameshasema ni mutu anachanganya," Mzee Salvator akajibu. "Barua itamufika yeye. Mawe yanarushwa na wengine. Wale wasikie."

"Na wewe ndiye utakayesema?"

"Ni mi niliandika."

Wakabishana, kwa Kifaransa, na Kifaransa cha Madame kilikuwa kikali kama pilipili. Mwisho alitupa mikono. Jioni ile, mahali pa ujumbe wa kwanza, Mzee Salvator alikaa mbele ya mikro. Akaanza kama watu wote, jina lake, la baba yake, mlima wa kwao. Halafu akasema, na maneno haya nayakumbuka vizuri, maana nilikuwa nyuma ya kioo:

"Ni mi niliandika programu ya kurekodi maneno yenu. Ni kama nilimupa mutu mutungi wa maji apeleke kwa jirani. Mbele atoke mu lupango, mu kiwanja yangu, nikamiminia urwarwa, pombe ya ndizi, ndani. Jirani akakunywa, akasema ule muchukuzi ni mubaya. Muchukuzi hakukosa. Ule mutoto Aimable, wa Musaga, hakukosa hata kidogo. Alikuwa anaharakisha ili mufike nyumbani mbele ya barie kufungwa. Ni mi."

Kila mtu aliyeharibiwa ujumbe tulimwita arekodi tena. Mzee Ramadhani alikuwa wa kwanza, na mpwa wake alileta habari kwamba binti ameelewa mlango wa buluu, ingawa alisema alikuwa ameanza kumpenda yule mama wa Bururi.

Siku iliyofuata, kabla ya saa sita mchana, mlinzi wa getini alimwingiza mama mfupi mwembamba, vumbi limepanda mpaka magotini. Alikuwa ametembea kutoka Musaga. Sisi sote tulikuwa sebuleni, na Madame pia.

"Mi ni mama ya Aimable," alisema. "Jana mulisema jina ya mutoto wangu."

Mzee Salvator akasimama kuomba radhi. Mama akamzuia kwa kiganja.

"Apana, Muzee, radhi nimesikia. Sikuja ju ya hiyo. Majirani ya upande wa juu wamesikia, hata muuza mukaa. Wa upande wa chini hawakusikia. Hawana pile mu redio, betri zimekwisha." Akafungua ncha ya kitenge chake; ndani mlikuwa na karatasi tupu tu, ile iliyofungiwa betri dukani. "Sasa nimewanunulia. Nimepita nyumba kwa nyumba, nimewatilia kwa mikono yangu. Museme tena leo, saa ileile."

Nilikuwa nafikiria wale watu aliowawekea betri, kwamba baadhi yao ndio waliorusha mawe, naye alijua ni akina nani. Madame ndiye aliyeondoka kwanza, akaenda kuandika kwenye ratiba kwa mkono wake.

Tulitaka kurusha rekodi ya jana. Mzee Salvator alikataa, akaingia tena studio akayasema yote upya, taratibu zaidi, na jina la Aimable akalitaja mara mbili. Mama alikaa kwenye benchi la korido, kichwa ameinamia kwenye spika, na hakuinua uso mpaka neno la mwisho lilipokwisha na muziki ukaanza.

"Bon," alisema. "Sasa anaweza kurudi."

Tulimtafutia gari la kumpeleka, kwa kuwa barabara ilikuwa karibu kufungwa. Aimable, aliyesikia kule Kigoma, alirudi na boti ya sementi iliyofuata.